Sifuri Inayomsubiri Mtu

Kwenye faili la usanidi la kerneli ya Linux kuna mstari mfupi: CONFIG_PANIC_TIMEOUT=0. Kwa kawaida hakuna anayeuandika. Unakuja wenyewe, kwa sababu sifuri ndiyo thamani iliyowekwa tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba siku kerneli itakapopata kosa isiloweza kulivuka, itaandika maelezo yake ya mwisho kwenye skrini, itasimama, na itabaki imesimama hadi mtu aje kuizima na kuiwasha. Kwenye kompyuta ya ofisini huo ni uamuzi mzuri. Mtumiaji yupo, atasoma kilichoandikwa, atampigia simu fundi. Lakini kwenye kisanduku cha plastiki kilichofungwa juu ya nguzo katika miteremko ya Shengena, Upare ya Kusini, skrini haipo, mtumiaji hayupo, na masika yakikolea hata bodaboda inaweza isipande kwa siku kadhaa.

Ukiweka 10 badala ya 0, kerneli ile ile ikianguka itahesabu sekunde kumi kisha itajiwasha upya. Ni tarakimu tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuibadilisha, na bingwa wa miaka ishirini anaweza kuisahau, kwa kuwa kinachotakiwa hapo ni kujua kifaa kinakwenda kuishi wapi na nani atakuwa jirani yake.

Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayoshikana na maunzi moja kwa moja. Ndiyo inayogawa muda wa kichakataji kwa programu zinazougombea, ndiyo inayogawa kumbukumbu, ndiyo inayojua kusema na redio, kadi ya memori, modemu na saa. Programu nyingine zote hupitia kwake. Linus Torvalds alipoitangaza Linux tarehe 25 Agosti 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, alitahadharisha kwamba ameiandika kwa ajili ya kichakataji cha Intel 386 na kwamba haihamishiki. Ikaja kuhamishwa kuliko karibu kerneli nyingine yoyote: ARM, MIPS, PowerPC, RISC-V, orodha ni ndefu. Iliyokuja kuondolewa ni 386 yenyewe, mwanzoni mwa 2013, toleo la 3.8 lilipotoka.

Kuhamahama huko ndiko kulikozaa kazi ya kusanidi. Msimbo wa kerneli una maelfu ya vipengele, na kila kimoja kina swali lake: kiingie ndani, kiachwe nje, au kikae kando kama moduli itakayopakiwa ikihitajika? Tangu mwishoni mwa 2002 maswali hayo yamepangwa kwa mfumo wa Kconfig ulioandikwa na Roman Zippel. Fundi huandika make menuconfig, menyu yenye mandhari ya buluu hufunguka, naye huanza kujibu: y, n au m. Majibu hukusanywa kwenye faili moja la maandishi liitwalo .config, na kompyuta hukompaili kerneli kwa kulifuata. Kwa vichakataji vya ARM kuna faili jingine pembeni, la kuielezea bodi: pini hii imefungwa redio, ile imefungwa kihisio. Utaratibu huo ulishika kasi baada ya 2011, Torvalds alipolalamika hadharani kwamba kila mtengenezaji wa bodi alikuwa akiongeza msimbo wake mwenyewe bila kuangalia wenzake.

Mafundi wengi hawajibu maswali yote hayo, wala hawawezi kulaumiwa. Huchukua faili la mfano lililoandaliwa na mtengenezaji, wakakompaili, kifaa kikawaka, kazi ikaendelea. Ila kila jibu lililomo lilitolewa na mtu aliyekuwa na mahali fulani akilini: chumba chenye kiyoyozi, umeme usiokatika, intaneti saa zote, na mtu wa kubonyeza kitufe. Kwa mahali pake alijibu sawasawa.

Same ni mahali pengine. Mji uko kwenye barabara kuu itokayo Moshi kwenda Korogwe, tambarare, chini kabisa ya milima. Jua ni kali, vumbi ni jingi, na mvua ya mwaka mzima huku chini huzungukia milimita 500 hadi 600. Anayepanda kwenda Chome au Mbaga huacha ukame huo nyuma yake baada ya kona chache za barabara. Mbele yake kuna migomba, ukungu, vijito, na msitu wa Chome unaokwea hadi kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenye unyevu ya kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hiyo na kumwaga mvua yake mlimani, na upande wa pili, Makanya na Hedaru, hubaki katika kivuli cha mvua. Ndiyo maana kipimo kilichoko mjini hakiwezi kusema kilichonyesha Mamba Miamba usiku ule ule. Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, udongo uliporomoka katika kijiji cha Goha, huko huko Mamba Miamba, ukafukia nyumba na kuua zaidi ya watu 20. Watu waliolala wakiwa wazima. Mtu akiuliza kwa nini mlima uhitaji kompyuta ndogo za kupima mvua, jibu la kwanza ni Goha.

Kompyuta za namna hiyo zimewahi kubuniwa Afrika Mashariki, na habari zake hazijasimuliwa vya kutosha kwa Kiswahili. Mwaka 2013 ulianza mradi wa WIMEA-ICT, uliounganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei. Moja ya kazi zake ilikuwa kutengeneza kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe, cha bei ambayo nchi hizi zinaweza kuimudu. Watafiti wa Uganda, Tanzania na Sudani Kusini walikigawa kituo katika vipande vinavyowasiliana kwa redio: kimoja juu ya mlingoti wa mita kumi kwa ajili ya upepo, kimoja kwenye mita mbili kwa ajili ya joto na unyevu, kimoja ardhini kwa ajili ya mvua na udongo, na kimoja cha kupokea data za wenzake na kuzipeleka mtandaoni. Vipande vya kupimia vilitumia bodi za kampuni ya Uswidi iitwayo Radio Sensors, zenye chipu ya Atmel ya biti 8, na mfumo endeshi wao ulikuwa Contiki.

Contiki si Linux. Ilianzishwa na Adam Dunkels huko Uswidi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya vichakataji ambamo Linux haiwezi hata kuingia. Chipu ya ukoo uliotumika, ATmega256RFR2, ina kilobaiti 256 za kuhifadhi programu na kilobaiti 32 za RAM. Picha moja ya simu ya bei rahisi ingezimaliza mara kadhaa. Dunkels na wenzake walibuni namna ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu ambamo kila kazi hudai baiti mbili tu za kumbukumbu kwa ajili ya kukumbuka ilipoishia. Mbili! Kusanidi hapa hakuna menyu ya buluu. Fundi huandika kwenye faili dogo ni pakiti ngapi zitunzwe redio ikikosa wa kuipokea, redio ilale kwa muda gani, kichakataji kiamke kwa jambo lipi. Akiongeza nafasi ya pakiti, RAM inakwisha. Akipunguza, mvua ya usiku mmoja inapotea.

Yafaa kutazama tone moja la mvua linavyopita humo. Ndani ya kipima mvua kuna kibakuli chenye vyumba viwili kinachokaa kama bembea. Chumba kimoja kikijaa kiasi cha milimita 0.2 za mvua, bembea hupinduka, maji humwagika, chumba cha pili kinaanza kujaa. Katika kupinduka, sumaku ndogo hupita mbele ya swichi ya vyuma viwili vyembamba; vyuma hugusana, umeme hupita, na pini ya chipu hupata taarifa. Taarifa hiyo huitwa katizo, kwa sababu hukatiza chochote ambacho kichakataji kilikuwa kikifanya, hata kama ni usingizi. Kerneli huamka, huongeza moja kwenye hesabu, hulala tena. Lakini vyuma vile havigusani mara moja kwa utulivu. Hudundadunda kwa muda mfupi kabla ya kutulia, na chipu isiyoonywa itahesabu kupinduka kumoja mara tatu au nne. Kwa hiyo lazima iambiwe: ukishasikia moja, ziba masikio kidogo. Kidogo kiasi gani? Mvua ya milimita 100 kwa saa, ambayo ni mvua ya kutisha, hupindua bembea mara 500 kwa saa, yaani mara moja kila baada ya sekunde 7 hivi. Kuziba masikio kwa sehemu ya kumi ya sekunde hakutapoteza hata tone. Ndivyo ujuzi wa mvua unavyokuwa nambari ndani ya programu, na asiyeijua mvua ya mlimani atakisia tu.

Kuna jambo la kuvutia kuhusu bodi hizo. Nyuma yake alikuwepo Robert Olsson wa Uppsala, jina ambalo watu wa kerneli ya Linux wanalijua kwa sababu nyingine. Ni mmoja wa watatu walioandika NAPI, njia ambayo Linux huitumia pakiti za mtandao zinapomiminika kwa kasi inayotishia kukizamisha kichakataji kwa makatizo: badala ya kukatizwa kwa kila pakiti, kerneli huzima makatizo kwa muda na kwenda yenyewe kuzichukua pakiti kwa mafungu. Mtu huyo huyo alishughulikia gharika ya makatizo kwenye ruta kubwa na upungufu wake kwenye chipu inayosubiri tone. Na swali linabaki lile lile: ni lini kerneli iamshwe na ni lini iachwe.

Umeme ndio unaofanya swali hilo liwe zito. Bodi ya Raspberry Pi inayoendesha Linux, ambayo miradi mingi huitumia kama kipokezi, hula wati mbili hivi hata ikiwa haina kazi kubwa. Kwa siku nzima hizo ni watisaa 48. Betri ndogo ya volti 12 na ampeasaa 7, ile inayokaa ndani ya UPS, ina watisaa 84 ikiwa mpya, na haifai kuitumia zaidi ya nusu yake ikiwa inatakiwa kudumu. Yaani paneli ikifunikwa na ukungu kwa siku moja, kipokezi kimezimika, wakati vile vipande vya biti 8 vinavyokula miliwati chache vinaendelea kupima mvua na kuitangazia hewa tupu.

Wapare wanalijua tatizo la namna hii tangu kale, kwa upande wa maji. Katika Vudee, Bangalala na vijiji vingine vya milima hiyo kuna ndiva, bwawa dogo lililochimbwa juu ya mashamba. Mfereji utokao mtoni hauna maji ya kutosha kumwagilia moja kwa moja. Mkulima wa kwanza angeyamaliza kabla hayajafika kwa wa tano. Kwa hiyo maji huachwa yajae kwenye ndiva usiku kucha, asubuhi hufunguliwa kwa nguvu na kwa zamu, na zamu inajulikana: nani leo, nani kesho, nani yuko mwisho wa mfereji. Betri ya kituo ni ndiva iliyogeuzwa saa: hujaa mchana na kutumika usiku, na anayesanidi kerneli ndiye anayepanga zamu. CONFIG_HZ humwuliza saa ya ndani ya kerneli igonge mara ngapi kwa sekunde, 100, 250, 300 au 1000. CONFIG_NO_HZ_IDLE humwuliza kama igonge hata pasipo na kazi. Chaguo la kupunguza kasi ya kichakataji limo, na la kuzima milango ya USB isiyotumika limo. Ndiva za zamani zilijengwa na koo, na kanuni za zamu zilitungwa na watu waliolijua kila shamba na kiu yake. Hakuna aliyeagiza kanuni hizo kutoka nje zikiwa zimeshajazwa.

Hifadhi ya Mkomazi, upande wa pili wa mji, inaonyesha ukali wa hesabu hiyo kuliko mahali popote. Vifaru weusi walianza kurudishwa humo mwaka 1997, katika boma lililoanzishwa na Tony Fitzjohn, na baadaye kundi la Smart Parks la Uholanzi likaleta mtandao wa redio wa LoRaWAN wa kuwafuatilia. Kifuatiliaji kinachowekwa ndani ya pembe ya kifaru hakina paneli wala waya. Ina maana kila mara kinapoamka kutuma, kinakata kipande cha maisha yake ambacho hakirudi. Minara inayopokea ina Linux kamili na paneli za sola. Kilichomo ndani ya pembe ya kifaru kina chipu ndogo na betri moja.

Kuna swali moja la usanidi ambalo huonekana dogo na ndilo lililo kubwa kuliko yote: saa. Raspberry Pi za miaka mingi, tangu ile ya 2012, hazikuwa na saa inayoendelea kutembea umeme ukizima. Zikiwashwa huuliza muda kwenye intaneti. Kituo kilicho nyuma ya mgongo wa mlima, ambako mnara wa simu haushiki vizuri, kikizimika saa nane usiku na kuwaka saa mbili asubuhi jua likigonga paneli, hakina wa kumwuliza. Kitaendelea kuandika kana kwamba usiku ule haukuwepo. Mvua iliyonyesha Ijumaa ikaandikwa Alhamisi haiwezi kulinganishwa na picha ya setilaiti wala na kituo cha Same mjini, na ubaya wake ni kwamba hailalamiki; inakaa kwenye jedwali ikionekana nzima.

Dawa ya bei nafuu ipo: chipu ya saa kama DS3231, yenye betri yake ya kidonge. Lakini chipu bila dereva ndani ya kerneli ni mapambo. Dereva wake anapatikana kwa jina la CONFIG_RTC_DRV_DS1307, yaani jina la chipu ya zamani ya ukoo huo huo, na anayetafuta DS3231 kwenye menyu humpita bila kumtambua. Halafu kuna y na m. Katika kerneli nyingi za miaka iliyopita, dereva akiwa moduli alikuwa anapakiwa baada ya kerneli kumaliza hatua yake ya kusoma saa ya maunzi, hivyo saa ipo, dereva yupo, na muda bado si sahihi. Ilitakiwa y. Herufi moja, na rekodi ya mvua ya msimu mzima iko juu yake.

Anayedhani haya ni mambo ya wataalamu peke yao akumbuke Novemba 2024. Mita za umeme za LUKU zilizo ukutani, Same kama kwingineko Tanzania, hufuata kanuni ya kimataifa ambayo kila tokeni hubeba ndani yake idadi ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, ili tokeni iliyotumika isitumike tena. Waliobuni kanuni waliitengea hesabu hiyo biti 24. Biti 24 zinahesabu dakika 16,777,216, na dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingerekebishwa isingekubali tokeni mpya. Ndiyo sababu wateja wa TANESCO mwaka ule walijikuta wakinunua umeme na kupewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja: mawili ya kwanza ya kuirekebisha mita, la tatu la umeme wenyewe. Bibi aliyezoea kubonyeza tarakimu 20 kwa miwani yake alibonyeza 60, kwa sababu ya uamuzi wa kubana biti uliofanywa miongo mitatu nyuma, mbali sana naye. Kubana kulikuwa na sababu nzuri, maana tokeni ililazimika kuwa fupi ili watu waweze kuibonyeza. Lakini aliyelipa tofauti hakuwepo mezani.

Tarehe ya namna hiyo iko njiani tena. Mifumo ya biti 32 iliyohesabu sekunde kwa utaratibu wa zamani wa Unix, kuanzia 1 Januari 1970, itafika mwisho wa hesabu tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakikurekebishwa kitaona ni Desemba 1901, wakati reli kutoka Tanga ilikuwa haijafika hata Mombo. Kerneli ya Linux ilipata uwezo wa kuvuka siku hiyo kwenye vichakataji vya biti 32 mwaka 2020, kwa toleo la 5.6, na kuna chaguo, CONFIG_COMPAT_32BIT_TIME, la kuamua kama njia ya zamani ibaki kwa ajili ya programu ambazo hazijahama. Kifaa kinachofungwa mlimani leo kwa kerneli ya zamani, kwa sababu ndiyo iliyokuja na bodi, kina nafasi kubwa ya kuwa bado pale siku hiyo. Vifaa vya umma huku hudumu kuliko matarajio ya waliovitengeneza.

Vichakataji vyenyewe pia hufa. Mwaka 2018, toleo la 4.17 liliondoa aina nane za usanifu kwa mpigo, miongoni mwake Blackfin na CRIS. CRIS ilikuwa kazi ya Axis, kampuni ya Uswidi ya kamera za mtandao, na kwa ajili ya vifaa vyake Axis iliandika JFFS, mfumo wa mafaili uliobuniwa ustahimili umeme kukatika ghafla kwenye kumbukumbu ya flashi. Kichakataji kimekwenda; toleo la pili la mfumo wake wa mafaili bado limo ndani ya kerneli, likisubiri anayeishi na umeme unaokatika alichague.

Nani atachagua? Arusha, saa chache kwa basi kutoka Same, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ina kituo cha CENIT@EA na shahada ya uzamili ya mifumo pachikwa, yenye wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki. Nairobi, watu waliotokana na shirika la Ushahidi walitengeneza BRCK mwaka 2013, ruta yenye betri ya saa nane, kwa kuwa walichoka na modemu zilizobuniwa na watu wasiojua umeme unavyokatika. Ujuzi wa kukompaili upo, basi, na unaongezeka. Kinachobaki ni kuukutanisha na ujuzi mwingine ambao hauna shahada: wa msimamizi wa ndiva anayejua mwezi ambao ukungu hauondoki, wa dereva wa bodaboda anayejua njia ya Vunta inafungwa lini, wa mwalimu ambaye uwanja wa shule yake utapokea mlingoti na ambaye wanafunzi wake wataurushia mpira. Fundi akiwa na .config upande mmoja na watu hao upande wa pili, maswali ya menyu yanapata majibu ambayo faili la mfano haliwezi kuwa nayo. Jambo hili linastahili kuingia kwenye mitaala kama somo la kupasi au kufeli, si kama safari ya mwisho wa muhula.

Na majibu yakishapatikana yatunzwe. Hapa pana uzembe mkubwa usio na sababu. Kerneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL, inayompa anayepokea kifaa haki ya kupata msimbo wake. Ni kwa nguvu ya leseni hiyo Linksys ilitoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G mwaka 2003, na OpenWrt ikazaliwa mwaka uliofuata. Hata hivyo vifaa vingi huletwa na wafadhili, hufungwa, mradi huisha, aliyevisanidi huondoka na kompyuta yake, na hakuna tena anayejua kwa nini kipokezi cha kijiji fulani kinaganda kila Jumapili. Anayekuja kurekebisha huanza upya kwa kukisia.

Kinga yake imo ndani ya menyu ile ile ya buluu, kwenye ukurasa wa mambo ya jumla ambao wengi huupita haraka. Inaitwa CONFIG_IKCONFIG, na chini yake kuna CONFIG_IKCONFIG_PROC. Zikiwekwa y, kerneli hubeba ndani yake nakala iliyobanwa ya .config iliyoizaa, na mtu yeyote aliyeunganisha kompyuta yake na kifaa huisoma kwenye /proc/config.gz: saa iliwekwa y au m, panic iliachwa sifuri au ilipewa sekunde ngapi, saa ya ndani inagonga mara ngapi, njia ya zamani ya muda imebaki au imefungwa. Gharama yake ni makumi machache ya kilobaiti.